Mbio za Kikaango

Katika nyumba zote nilizofanya kazi Riyadh, hakuna iliyonichosha kwa usafi kama ile ya madam Mwingereza, ndani ya kampaundi ya wageni. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: chakula kikigusa chini, ni cha pipa la taka. Hata zabibu moja. Watoto wake wawili walifokewa kwa hilo kutwa nzima. Mimi nilifokewa mara mbili tu, nikashika adabu.

Basi mwanamke huyohuyo akaniambia kwamba kwao, siku moja kabla ya mfungo wa Kikristo kuanza, wanawake watu wazima hufunga aproni na kushindana mbio barabarani huku wakirusha chapati za maji kwa kikaango. Eti zamani mama mmoja alikuwa jikoni akipika, akasikia kengele ya kanisa, akatoka mbio na kikaango mkononi. Nilingoja acheke. Hakucheka.

Mwaka ule walituruhusu na sisi wafanyakazi tukimbie pale kampaundi. Madam akaniahidi kwamba nikishinda atanipa likizo ya siku nne niende Jeddah. Hapo moyo ukaniruka. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi huko, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule. Tangu tufike nchi hii hatukuwa tumeonana, karibu miaka miwili. Akirudi nyumbani kabla sijamwona, ningekaa tena hivyohivyo mpaka mkataba wangu nao uishe.

"Si wewe ni Mkenya? Kimbia!" mdogo wangu alinitania kwenye simu.

"Mimi mtu wa Likoni, bwana. Sisi twakimbilia feri tu."

Lakini nilikimbia. Watoto walikuwa shuleni, mabibi wasiokimbia wamesimama kando wakipiga makofi. Nikawapita Wafilipino wawili, nikampita madam mwenyewe. Nikarusha chapati mara ya kwanza, ikarudi vizuri. Mara ya pili ikaanguka kwenye lami.

Sikufikiri hata kidogo. Nikaiokota, nikaipeleka kwenye pipa la taka, kisha nikaenda kwenye bomba la bustani kuosha mikono na kikaango. Nilipogeuka, ya madam nayo ilikuwa chini. Akaiokota kwa vidole, akairudisha kikaangoni na changarawe zake, akakimbia mpaka mwisho. Na kwa kuwa ndiyo desturi yao, mshindi akaila.

Nilifika wa mwisho, kikaango kitupu kinang'aa. Nililia, sioni haya kusema.

"Kwa nini umeitupa?" madam akaniuliza, bado anatafuna. "Ikianguka unaokota, unaendelea!"

"Madam, iligusa chini."

Akaacha kutafuna. Uso ukamwiva kama nyanya. Akaangalia kushoto na kulia, akaninong'oneza, "Nenda Jeddah. Lakini watoto wasijue."

Mdogo wangu alikuwa ameazima chumba cha rafiki yake kule Hindawiyah, mtaa mmoja wa Jeddah, akanipikia chapati zetu za kusukuma. Alikuwa amekonda, mikono imemkauka kwa sabuni. Akawa analia huku ananipakulia, na chapati moja ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Wacha hiyo," akasema, "nitakupa ingine."

Nikamwahi. Nikaiokota, nikaipuliza, nikaila yote.