App ya bure ilivyotaka lumbesa kwa akina mama wa Chawia

Wakuu, salamu kutoka Voi. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo. Walionipigia kelele siku hiyo wako humu humu, nikiongeza chumvi wanikosoe.

Mimi ni mchuuzi wa mboga. Nachukua pilipili hoho kwa kikundi cha akina mama huko Chawia, nateremsha Voi. Mwenyekiti wao ni Mama Wakesho. Ukimwomba apunguze bei, anakuuliza kama jembe lilimpunguzia yeye.

Msimu uliopita hoho zilikubali kila shamba kwa wakati mmoja. Soko likajaa. Zikaanza kuwa nyekundu shambani, na hoho iliyokosa mnunuzi ni mbolea ya bei ghali.

Hapo ndipo akatokea kijana wa app, t-shirt mpya, viatu visivyojua milima. Kampuni yake inaunganisha wakulima na hoteli. Bure kabisa. Na kweli, hoteli moja kubwa ya Voi ilikuwa inaagiza kwa hiyo app.

Akina mama wakashangilia. Mimi nikisikia neno bure, nashika mfuko.

Nikaomba simu yake nikasoma masharti. Nikarudia. Inataka picha ya kitambulisho, uso, location saa zote, contacts zote, na ruhusa ya kusoma SMS.

SMS, wakuu! Humo ndimo zinaingia habari za chama, za karo na za matanga.

Nikamwambia, "Kijana, hii ni lumbesa."

Kwa wasiojua: broker analipia gunia moja, halafu anashonea wavu juu mpaka gunia linaota kichwa. Amelipa moja, amebeba moja na nusu.

"Unauza hoho. Contacts ni za nini? Mama mkwe wangu hata hoho hali."

"Mzee, ni system. Haikubali ukiacha kitu."

"Basi nipe mkubwa wa system."

Akampigia boss wake. Nikataja bei yetu, yaani tutakachotoa: jina la kikundi, namba moja ya simu, mazao tuliyo nayo. Boss akasema ni yote au hakuna.

Mama mmoja akaniwakia. "Wewe una kibanda Voi! Zangu zinaoza. Huyu akitaka apige picha hata mbuzi!"

Hakukosea. Mimi ndiye nilikuwa nabargain, lakini hoho zilikuwa zao.

Mama Wakesho akamaliza: "Lumbesa tulimkatalia mwenye lori, na yeye alikuja na pesa mkononi. Huyu hajabeba hata gunia." Kijana akateremka bila kusajili mtu.

Nilirudi Voi. Asubuhi nikaenda mlango wa nyuma wa ile hoteli, nikamtafuta mama anayenunua vitu vya jikoni. Nikamweleza yote.

Akacheka. "App naitumia kwa sababu sijui mko wapi. Nani amesema nataka nyuso zenu? Nitumieni SMS mniambie mna nini."

Basi, ikawa hivyo. Kikundi kikanunua kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na laini yake, inakaa kwa Mama Wakesho. Mzigo ukiwa tayari, SMS inaenda kwa hoteli, kwa shule, kwa vibanda. Namba za wateja ni zetu, na kopi iko kwa flash. Hakuna mtu wa mbali wa kutufungia akaunti.

Na zile nyekundu tulizokuwa tunalilia? Jikoni wakazitaka kwanza.

Nilivyorudi kwangu nikakagua simu yangu. App ya tochi ilikuwa inasoma contacts. Tochi! Nikaifuta. Sijahama mtandao, si niko hapa na nyinyi, lakini sasa nauliza kabla ya kubonyeza.

Nilichojifunza: masharti ya app ni bei ya kwanza tu. Hata sheria ya data ya Kenya inakupa haki ya kuuliza wanaitaka ya nini.

Juzi yule kijana amepiga. Kampuni imekubali kusajili kikundi kwa jina, namba moja na mazao, basi. Mama Wakesho amemwambia tutafikiria. Tunafikiria polepole, kama mtu anayepita kiatu dukani akijifanya hakipendi.

Wewe app gani imekubebesha lumbesa? Itaje hapa, tuone pa kupunguza.