Dagaa wa Mama na Wimbo wa Jasho

Sijaona watu wanaosifia kazi za mikono kama wale ambao mikono yao haijawahi kushika kitu kizito kuliko simu. Walitufikia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegesha, upande wa Kamanga, na magari, spika na kamera. Msanii wao alikuwa kijana wa mjini anayepiga gitaa kwa mtindo wa Wamarekani weusi wa kusini, gitaa linalolia kama limefiwa. Wimbo ulihusu heshima ya mtu anayeishi kwa jasho lake. Na mwimbaji amevaa ovaroli mpya, imenyooshwa pasi!

Walimchagua mama yangu kwa sababu ya mikono yake iliyochakaa. Alikuwa ametandaza dagaa mchangani tangu asubuhi, mtaji wake wote uko pale chini. Msanii akamwinamia mbele ya kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Mpiga picha hakuridhika. Wakarudia, wakarudia tena, na mama akaitikia kila mara kwa adabu ileile. Mimi nilishachoka kwa niaba yake.

Kwetu mwaloni mvua ikionyesha dalili hakuna kuulizana. Kila aliye karibu anaacha lake na kukusanya dagaa, wawe wa yeyote. Hata mliotukanana jana mnashika turubai pamoja. Basi wingu lilipotanda juu ya ziwa, mama akainuka.

"Mama, kidogo tu, tumalizie kiitikio," akasema mwongozaji wa video yao. "Mwanga umekaa vizuri sana."

Mama akasubiri, eti wale ni wageni. Ustaarabu wa kijinga. Nilimwambia siku ileile na bado nasema.

Matone yalipoanza, wanawake wenzake walikuja mbio na mabeseni. Tukageuka kuchukua turubai, halipo. Vijana wa msanii walikuwa wamelitandaza juu ya spika zao na kulishikilia kila pembe. Nikawapigia kelele walirudishe.

"Dada, hivi vyombo vikilowa tumekwisha!" akanijibu mmoja wao.

Msanii mwenyewe alishaingia garini, amekumbatia gitaa, kioo amekipandisha. Hata hakutazama nje.

Dagaa wakalowa. Waliokauka weupe hununuliwa kwa bei nzuri na wachuuzi wanaowavusha hadi Kongo; waliolowa hivyo hugeuka wekundu na kukatika vichwa, na hakuna anayewataka isipokuwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Huko ndiko mtaji wa mama ulikoishia.

Sasa wimbo unapigwa kila mahali, mpaka stendi ya Buzuruga. Watu wanatikisa vichwa, wanasema una ujumbe. Ujumbe! Juzi jirani alituita tuangalie video kwenye simu yake. Mikono ya mama ikajaa kwenye kioo, jirani akapiga vigelegele. Nikangoja mama aseme neno, ili nimsaidie kutukana.

Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho. Mikono yake hakuiangalia. Aliangalia kilichokuwa chini yake, pale mchangani.

"Ona walivyokuwa weupe," akasema. "Hawa wangefika Kongo."