Sauti ya Kisimani

Laptop yangu ilikuwa imezeeka pamoja nami, ila mimi hakuna aliyethubutu kuniambia sifai. Kampuni iliyoitengeneza ilishaacha kuihudumia, na kila tulipojaribu kuiwekea mfumo mpya, ulikataa katakata. Mke wangu hapendi kukataliwa. Yeye ni mwalimu wa kompyuta hapa Isiolo, na alikuwa ametafuta mtandaoni hadi akapata njia ya kuuingiza mfumo huo kwa nguvu. Sharti lilikuwa moja: kwanza diski ifutwe yote na kugawanywa upya.

Nikaitoa laptop kwenye kibanda changu cha sokoni, nikaileta nyumbani. Alifanya kazi hiyo sebuleni baada ya swala ya Ijumaa, flash imechomekwa ubavuni, huku mimi nikiwanywesha chai wanunuzi wa mbuzi waliotoka Kipsing.

"Baba watoto, sasa nafuta yote," alisema. "Uko na kitu ya maana huku ndani?"

"Hakuna kitu. Ni takataka kidogo tu."

Kwetu mfugaji haulizwi ana mifugo wangapi, na akiulizwa hasemi. Ukiwa na zizi lililojaa, utasema una vingamia viwili vilivyokonda, maana jicho la watu si la kuchezea. Baba yangu alinifundisha hivyo kule Sericho kabla sijajua kusoma, na jibu lile hunitoka lenyewe wageni wakiwapo, hata kama kinachoulizwa hakili majani. Mke wangu analijua. Nikimwambia mgeni sina mbuzi, yeye huenda kufungua zizi.

Lakini ile ilikuwa kompyuta, si zizi, na kwao mke wangu ni watu wa malori tangu enzi za babu yake. Kwao mzigo hutajwa gunia kwa gunia. Ukisema gari ni tupu, basi ni tupu. Mashine ikamuuliza tena kama ana uhakika. Akanitazama. Nikapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi, nikarudi kwenye bei ya mbuzi, naye akabonyeza.

Nilikuja kukumbuka wakati wageni wanavaa viatu mlangoni. Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti ya baba. Nilimrekodi kisimani Sericho wakati wa kiangazi, akiwaita ngamia wake waje kunywa, kila mmoja kwa jina lake, na la mama yake, na la nyanya yake, huku ndoo zikigonga mawe. Baadaye ukame ulimaliza ngamia wengi, kisha kiharusi kikamnyang'anya baba ulimi. Kila alipoletwa mjini kliniki alipitia kibandani kwangu, akavuta kiti mbele ya laptop na kujisikiliza akiwa amefumba macho.

Mke wangu alijua sauti ile ipo. Alidhani iko kwenye simu. Nilimfokea hata hivyo, nikamwambia mambo ambayo mpaka leo yananichoma, naye akangoja nichoke.

"Nilikuuliza," alisema. "Ungeniambia hata kwa jicho."

Alihangaika na programu za kurudisha vilivyofutwa mpaka macho yakavimba. Alipata picha za mbuzi zilizokatika nusu. Sauti haikupatikana. Laptop yenyewe, niliyoirudisha kibandani, sasa ilikuwa nyepesi ajabu, inafunguka kabla hujaketi vizuri, na nilikuwa naichukia kwa kasi yake.

Baba alipoletwa tena, alikuja moja kwa moja kibandani. Alivuta kiti, akagusa laptop, kisha akagusa sikio lake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, habari ya diski na mfumo, lakini kwa Kiborana sikupata hata neno la kuanzia. Nikasema lile nililolizoea.

"Hakuna kitu, Abba."

Uso wake ukang'aa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mzee aliyeridhika na mwanawe, akageuka kutazama mlangoni aone ni mgeni gani ninayemficha mali yangu. Kisha akafumba macho, akatulia kitini kumngoja mgeni huyo aondoke.

Kibandani tulikuwa sisi wawili tu.