Dizeli ya Choo cha Laini Saba

Ndinda Mbithi analima choo. Msinitazame hivyo, ndiyo kazi yake. Pale mtaani Laini Saba, maji machafu ya choo cha jamii huingizwa kwenye matangi ya plastiki yanayopitisha mwanga, na humo Ndinda hufuga mwani, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye pipa lililosahaulika. Mwani hula uchafu, jua huunenepesha, na maji hutoka yakiwa safi kuliko ya mto wetu. Ndinda huuvuna na kuukausha, kisha watafiti wenye mradi huukamua mafuta na kuyageuza dizeli.

Kazi nzuri kabisa. Lakini kanisani kwetu Kawangware, akina mama walimpokonya birika la chai. Magdaline, mwenyekiti wao, alimwambia mikono inayoshika choo isiguse vikombe vya wageni, apange viti tu. Ndinda, ambaye humcheka kila anayeziba pua, alirudi nyumbani akalia. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa akiwamiminia wageni chai, na hakuna kazi ya kanisa aliyoipenda zaidi. Mimi nilikasirika sana, nikanyamaza, kwa kuwa namwogopa Magdaline.

Jumapili aliyokuja askofu, Ndinda alileta lita tano za dizeli yake awaonyeshe watu. Magdaline akamwamuru aiache nje. Mahubiri yalipoanza kupamba moto, stima ikapotea. Jenereta ikawashwa, ikakohoa mara mbili, ikazima. Dizeli ilikuwa imeisha. Magdaline akatoka mbio.

"Ndinda, leta hiyo kitu yako, haraka!"

"Hii ya choo?"

"Wacha mchezo! Askofu amesimama tu hapo kama mti wa stima!"

"Nitawapa. Lakini leo chai namimina mimi."

Magdaline akatazama mbinguni. Huko hakukutoka jibu.

"Haya basi," akasema.

Jenereta ikanguruma, ikitoa harufu ya samaki wa kukaanga, na askofu akahubiri saa nzima kuhusu usafi.

Baada ya ibada Ndinda alinawa mikono mbele ya watu wote, akashika birika. Askofu alikunywa vikombe viwili. Magdaline akasema eti amefunga. Ndinda akasimama mbele yake na kikombe mpaka mvuke ukaisha. Kanisa zima lilikuwa linatazama. Magdaline akakipokea, akafumba macho, akanywa mpaka chini.

"Sukari haitoshi," akasema, na akanyoosha kikombe kitupu aongezwe.