Mzimu wa Nyumba ya Manjano

Bi Vermelle Mazyck aliendesha basi la shule mjini Charleston kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amezoea kuongea huku amewapa watu mgongo, na watu hao kumsikiliza wapende wasipende. Kwa hiyo mumewe Rudolph alipofariki, na yeye kustaafu, na kukaa miezi minne sebuleni akitazama mahakimu wa kwenye televisheni wakigombeza watu, dada yake Alethia alimwambia, "Vermelle, wewe unakufa kwa kukosa abiria."

Ndipo akaenda kuomba kazi ya kuendesha gari la kukokotwa na mnyama, mojawapo ya yale yanayowazungusha wageni mitaa ya mji wa zamani. Walimpa baghala mmoja wa kahawia, mama yake farasi, baba yake punda, tusije tukamchanganya na nyumbu wa mbugani. Jina lake lilikuwa Shemasi, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu anayekusanya sadaka na kuona umetoa kidogo.

Kazi haikuwa ya kukaa tu na kushika hatamu. Enzi hizo mji ulidai mtihani. Mara ya kwanza Bi Vermelle alifeli. Aliulizwa nani alijenga ule ukuta mrefu wa matofali karibu na kanisa, naye hakuandika jina la tajiri aliyeulipia, aliandika kwamba ulijengwa na watumwa, na kwamba ukitazama vizuri utaona kwenye tofali moja alama za vidole vya mtoto. Mara ya pili akayaandika yote mawili, la tajiri na la vidole, wakampitisha. Na kila siku alipopita pale aliwaonyesha wageni zile alama, na hakuna aliyewahi kupiga miayo.

Shida ilikuwa mtaa uliofuata. Ulikuwa mrefu, mzuri, wenye nyumba za rangi za peremende zilizoelekeza ubavu barabarani, na haukuwa na la kusimulia hata moja. Siku moja ya Oktoba, mwaka wake wa kwanza, wageni walikuwa wameanza kusinzia, na Shemasi akasimama mbele ya nyumba moja ya manjano akakojoa. Mji una sheria juu ya jambo hilo. Dereva anaangusha alama barabarani, anaita kwenye redio, gari la maji linakuja kuosha. Na Shemasi alipoanza shughuli hiyo hakuwa na haraka. Bi Vermelle akaona kimya kinazidi kuwa kirefu, akafungua mdomo ili kukiziba.

"Nyumba hii," alisema, akishangaa mwenyewe maneno yanakotoka, "ina mwanamke aliyevaa nyeupe. Hukaa ngazini akilia. Anamsubiri nahodha wake, na nahodha hajarudi mpaka leo."

Gari zima likaamka. Mama mmoja akapiga picha dirisha tupu. Shemasi akamaliza, wakaondoka.

Basi mzimu ukazaliwa hivyo. Mwaka wa pili Bi Vermelle aliuongezea taa mkononi. Mwaka wa nne, pete. Mwaka wa sita madereva wengine walikuwa wakiusimulia pia, na mmoja wao alidiriki kumfundisha Bi Vermelle habari za yule nahodha, akidai kwamba meli yake ilizama mwezi wa tatu.

"Wa tatu?" aliuliza Bi Vermelle. "Una hakika?"

"Dada, imeandikwa."

Mambo yakawa hivyo mpaka Ijumaa moja ya Aprili, maua ya azalea yamefunguka mji mzima. Kibandani magari yanakoanzia, pale mpira unapotolewa kwenye mashine ili rangi yake iseme gari lipite mitaa ipi, Bi Vermelle alipata mpira wa mitaa ileile ya ukuta wa matofali. Nyuma yake walikaa wasichana saba waliokuja kumuaga mwenzao anayekaribia kuolewa, wote wamevaa kofia za rangi ya waridi, na bibi harusi mtarajiwa amejifunga mkanda kifuani kama balozi. Kiti cha mwisho alikaa mzee peke yake, mweusi, mrefu, suti ya kijivu imepigwa pasi hadi inakata, kofia magotini.

Mzee huyo alikuwa mbishi.

Bi Vermelle alisema dari za vibaraza hupakwa buluu ili mapepo wadhani ni maji washindwe kuvuka. Sauti ikatoka nyuma. "Zilipakwa buluu ili nyigu wasijenge."

Bi Vermelle akasema vyuma vile vya duara ukutani viliwekwa baada ya tetemeko la ardhi kuzishikilia nyumba zisianguke.

"Hapo sawa," ilisema sauti, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Wasichana wakacheka. Bi Vermelle aligeuza shingo kidogo tu, kama enzi za basi. "Mzee wangu, nikupe hatamu?"

"Hapana, mama. Endelea. Unajitahidi."

Unajitahidi! Bi Vermelle aliimeza, akawaonyesha vidole vya kwenye tofali. Pale mzee hakubisha. Alivua kofia, ambayo alikuwa ameivaa dakika hiyohiyo kwa ajili ya jua, akaishika mpaka wakapita. Hilo lilimtuliza Bi Vermelle, akaamua kumsamehe, na kwa kuwa alikuwa amemsamehe akajitahidi kweli walipofika nyumba ya manjano. Alishusha sauti. Akasimamisha gari.

"Na hapa, wapenzi wangu, ndipo anapokaa mwanamke wa ngazini, mwenye nguo nyeupe..."

Alitoa yote, taa, pete, kilio, nahodha. Bibi harusi mtarajiwa alishika mkono wa mwenzake.

"Ngazi zipi?" aliuliza mzee.

"Za ndani, mzee. Za mbele."

"Hazikuwepo. Zimejengwa juzi. Tulikuwa tunapandia nyuma, kwa ngazi ya mbao, na kipandio cha tatu kilikuwa kibovu." Mzee alikuwa amesimama sasa, ameshika kiti cha mbele yake. "Na mwanamke wa nyumba hii hakuvaa nyeupe hata siku moja, alisema nyeupe inaonyesha uchafu. Na hakulia. Yeye ndiye aliyeliza watu. Mwanamke wa nyumba hii alikuwa mama yangu."

Wasichana wote waligeuka kumtazama. Hata Shemasi alitikisa sikio moja.

Ikabidi yatoke yote. Jina lake lilikuwa Cephas Frasier, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na aliondoka Charleston akiwa na kumi na tisa kwenda Philadelphia, ambako alifanya kazi ya kushona suti mpaka macho yalipogoma. Mwezi uliopita, mtu anayekaa naye kiti kimoja kanisani alirudi kutoka matembezini kusini, akamsimulia mzimu mzuri aliousikia akiwa kwenye gari la kukokotwa. Mzee Cephas akauliza mtaa. Akauliza nyumba. Akauliza rangi ya mlango. Kisha akakata tiketi ya treni.

"Nimekuja kumsikia mama yangu akilia," alisema. "Maana miaka kumi na tisa niliyoishi naye, sikubahatika."

Bi Vermelle alihisi masikio yamepata moto. Alitaka kusema ni madereva wengine. Alitaka kusema imeandikwa. Akatazama uso wa yule mzee, ukamkumbusha watoto wa basi lake walipoonewa, wale wasiolia, wanaonyooka mgongo tu.

"Nilimtunga mimi," alisema. "Baghala alisimama kukojoa, nikakosa la kusema."

Msichana mmoja alicheka puani, akajizuia. Mzee Cephas alimtazama Shemasi kwa muda.

"Mama yangu ametokana na mkojo wa baghala?"

"Kwa kweli, ndiyo. Nisamehe sana, mzee wangu. Njoo ukae hapa mbele. Kiti ni chako, useme mwenyewe."

Alipanda kwa shida, bibi harusi akimsukuma kwa nyuma bila kuombwa. Akavaa kofia, akakohoa, akawageukia wageni.

"Aliitwa Julia," alisema. "Tulikuwa kumi na mmoja humu ndani, na nyumba haikuwa ya manjano, haikuwa na rangi kabisa. Baba yangu alivua kamba wa baharini, siyo nahodha wa chochote. Alitakiwa awe mezani saa kumi na mbili jioni. Ikifika na robo hajafika, mama alichukua ule mti wa kusukumia unga, akavuka barabara, akaenda hadi dukani kwa Mgiriki walipokuwa wanacheza karata. Hakusema neno. Alisimama mlangoni tu. Wanaume sita walikuwa wanainuka, na watano kati yao hawakuwa hata waume zake!"

Wasichana waliangua kicheko mpaka gari likatikisika. "Nyingine! Nyingine!" wakapiga kelele, na ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Akatoka mwenye nyumba, Bi Eugenia Lathrop, mzungu mwembamba mwenye mkasi wa maua mkononi.

"Bi Vermelle, leo mbona mmekaa sana? Na mbona wanacheka? Hapa si huwa wanaogopa?"

Bi Vermelle akamweleza, kwa ufupi na kwa aibu. Bi Lathrop alimsikiliza mdomo wazi.

"Lakini mimi humsikia! Usiku, ngazini! Miaka mitano namsikia!"

"Hizo ni mbao, mama," alisema Mzee Cephas kwa upole. "Fundi alikupunja."

Bi Lathrop alimtazama, kisha akautazama mkasi wake, na hapo akafanya jambo ambalo Bi Vermelle baadaye alikiri kwamba hakulitegemea. Alisema, "Je, ungependa kuingia?"

Mzee akaanza kutafuta pa kukanyaga ashuke. Gari jingine lilikuwa limefika nyuma yao na dereva wake anapiga mluzi. Wasichana wakamshusha mzee kama yai. Mlangoni alivua kofia, akapangusa viatu kwenye zulia mara nne, tano, mpaka Bi Lathrop akamwambia inatosha.

Bi Vermelle alimaliza kazi saa kumi na moja, akamfunga Shemasi, akarudi mbiombio kwa miguu. Aliwakuta kibarazani na chai ya barafu. Jiko la Julia Frasier lilikuwa limegeuka bafu.

"Lenye beseni la miguu ya simba," alisema Mzee Cephas. "Pale mama alipokaangia samaki, sasa mtu anajiosha kwapa."

"Nimemwambia aliandike jina la mama yake ukutani," alisema Bi Lathrop, "nitaweka kibao."

"Nimekataa. Siyo bafuni." Mzee akageuka. "Nimemwambia aweke nje, hapo mlangoni. Anafikiria."

"Nimeshafikiria," alisema Bi Lathrop. "Nilikuwa najaribu kukueleza tangu chai ya kwanza."

Mzee Cephas alikuwa na siku nne. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Bi Vermelle, naye akamfuata hotelini. "Umeona nini mpaka sasa?"

"Nimeona hoteli. Na nimekula kamba na uji wa mahindi kwenye sahani kubwa kama tairi, kamba wenyewe wanne."

"Simama twende."

Alimpeleka sokoni kwenye meza ya Alethia, anakoshona vikapu vya nyasi, na Alethia akamtazama mzee toka kofia hadi kiatu, halafu akamtazama dada yake, halafu akatabasamu kwa namna ambayo Bi Vermelle hakuipenda. Akampeleka kwenye ukumbi wa kanisa lao kula wali mwekundu na bamia, na mzee akala sahani mbili bila kubisha neno, jambo ambalo Bi Vermelle alilihesabu kuwa ushindi. Mwishowe wakafika kwenye bustani ya ukuta wa bahari, yenye mizinga ya zamani na mialoni.

Mzee Cephas alisimama mbele ya benchi la kijani. "Enzi zetu tulipita hapa haraka. Askari alikuwa anatuangalia tu, na ulikuwa unajua mtu mweusi hakai. Mama aliniambia, tazama maji, usitazame benchi." Akakaa. Akaegemea. Akanyoosha miguu yake mirefu, akatulia muda mrefu, upepo ukimpeperusha tai. Bi Vermelle, ambaye kimya kilimsumbua maisha yake yote, hakukiziba hiki.

"Benchi gumu," alisema mzee hatimaye. "Kumbe hatukukosa kitu."

Wakacheka mpaka Bi Vermelle akatafuta leso.

Mzee Cephas alirudi Philadelphia kesho yake. Mzimu ukafa. Msimamizi wa banda aliponung'unika kwamba wageni wanataka mapepo, Bi Vermelle alimwambia aje apande siku moja. Alipanda, akamsikia Julia Frasier mlangoni kwa Mgiriki na mti wake wa unga, na hakunung'unika tena. Madereva wengine wakaanza kumsimulia Julia, na mwezi haukuisha kabla mmoja wao hajasema wanaume walikuwa tisa.

"Sita," Bi Vermelle alimkatiza. "Na ukiongeza hata mmoja, nampigia mwanawe simu."

Simu yenyewe ilikuwa inapigwa kila Jumapili baada ya kanisa, na siyo yeye aliyekuwa akipiga. Mzee Cephas alitaka kujua amesimulia vipi wiki hii. Alisahihisha. Bi Vermelle alibisha. Simu ya dakika kumi ikawa ya saa nzima, na Alethia akiwa jikoni alikuwa anajikohoza kwa makusudi.

Oktoba mzee alirudi, safari hii kwa majuma matatu, eti kuangalia kibao kimewekwa sawa. Kilikuwa sawa. Jioni alikaribishwa kwa Alethia, ambako kibarazani kuna ule ubao mrefu wa msonobari unaodundadunda, uliokaa juu ya miguu miwili ya kubembea. Watu wa mji ule husema wawili wakikaa, huyu ncha hii na yule ncha ile, ubao wenyewe utawasogeza katikati.

Mzee Cephas akakaa ncha moja. Bi Vermelle, akijua kabisa dada yake anachungulia dirishani, akakaa nyingine, bakuli la karanga za kuchemsha mapajani.

"Hilo nalo ni uongo," alisema mzee. "Ubao hausogezi mtu. Mtu anajisogeza."

"Basi kaa hukohuko."

"Sasa karanga nitazifikiaje?"

Bi Vermelle alilitazama bakuli, akaona hoja ina maana, akasogea.