Naibu Yupo

Meya akipita watu husimama. Naibu meya akipita, watu humwomba asogee kidogo wamwone Meya. Nasema hivi bila uchungu, maana naibu meya wa jiji letu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na kwa haki ya wifi ya kutania, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita Spea. Nilimwambia gari linakwenda, yeye yuko kwenye buti anasubiri pancha. Alicheka, akaniambia nikae vizuri amalizie kunisuka.

Ndiyo, ni msusi. Saluni yake iko nyuma ya duka la viatu, ina viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Hadi leo hufungua asubuhi, husuka wateja wawili watatu, kisha huvua aproni, huvaa koti lake la kijivu na kwenda kwenye baraza la madiwani, mkasi ukiwa bado mkobani. Kaka yangu, fundi wa majokofu, husema ameoa wanawake wawili kwa mahari ya mmoja.

Sababu ya wifi kuingia kwenye siasa naijua kuliko mtu yeyote, maana ilitoka tumboni mwangu. Kata yetu iko upande huu wa reli, na hospitali iko upande ule. Kizuizi kikishushwa kwa ajili ya treni ya mizigo, unakaa hapo mpaka mabehewa yote yaishe, uwe waziri au uwe na jipu. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, uchungu ulinishika mchana, wifi akanipakia kwenye teksi, tukafika relini, kizuizi kikashuka mbele yetu. Mwanangu alizaliwa palepale, kwenye kiti cha nyuma, mikononi mwa wifi. Hakulia. Dereva alizima injini akashuka, akasimama nje ametupa mgongo, na treni ikaendelea kupita.

Siku chache baada ya maziko wifi alikuja kukaa kitandani kwangu akasema, "Wifi, hili haliwezi kubaki hivi." Uchaguzi ulipofika akagombea udiwani, akashinda kwa urahisi, kwa sababu nusu ya wanawake wa kata yetu amekwisha kuwashika vichwa. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: wodi ya wazazi upande wetu wa reli, kwenye kiwanja cha jiji kilichokuwa kimejaa magari mabovu ya kuzolea taka.

Unaibu ulimjia kwa bahati ya wanaogombana. Madiwani walikuwa kambi mbili, kila kambi ikimkataa mtu wa mwenzake, wakachoka, wakaona bora wampe msusi ambaye hana kambi na hatasumbua mtu. Wakampa na ofisi, chini ya ngazi, iliyokuwa stoo ya viti vya plastiki. Viti vyenyewe hawakuvitoa. Mgeni akienda kumwona alijichomolea kimoja.

Kwenye sheria, kazi ya naibu ni kumsaidia Meya na kukalia kiti chake akiwa hayupo. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kwenda kule ambako Meya hakutaka kwenda. Meya alipokea wageni uwanja wa ndege na kukata utepe wa majengo ya ghorofa. Kukiwa na msiba, mgonjwa, mahafali ya chekechea, au choo cha soko kimefurika, utasikia, "Atakwenda naibu." Na alikwenda. Tena kwenye misiba hakukaa mbele na wakubwa wanaochungulia saa. Alivua viatu, akaingia jikoni kuosha masufuria na wenyeji. Nilimgombeza, nikamwuliza yeye ni naibu meya au ni msaidizi wa kazi za ndani. Akaniambia mfiwa huwa hakumbuki hotuba, hukumbuka nani alibaki wageni walipoondoka.

Hoja yake ya wodi wakati huo ilipigwa danadana hadi ikachakaa. Leo iende kwenye kamati, kesho wataalamu waangalie, keshokutwa bajeti haitoshi. Kisha tukasikia Meya anataka kile kiwanja kiwe maegesho ya magari. Kikao kimoja tu kilikuwa kimebaki kabla bajeti haijafungwa. Wodi isipopita siku hiyo, kiwanja kimekwenda na sisi tutaendelea kuzalia kwenye kizuizi.

Wiki hiyohiyo Meya akaalikwa mkutano wa mameya nje ya nchi, na mtu wa aina yake hakatai tiketi ya ndege. Akamwita wifi, akamwagiza afungue kikao, aahirishe hoja ya wodi mpaka yeye arudi, afunge, basi. Jioni nilimwuliza wifi kama kweli atafanya hivyo.

"Nimemwambia nimesikia," akasema, huku anachambua mchele. "Hakuniuliza kama nitafanya."

Siku ya kikao nilikuwa kwenye jukwaa la wananchi, mstari wa mbele. Wifi aliingia amevaa joho la kiti, refu, limeshonwa kwa urefu wa Meya, amelishikilia kwa mkono mmoja asije akajikwaa. Na hapo ndipo kambi ya Meya ilipojimaliza yenyewe. Kwetu Meya akisafiri, wapambe wake humsindikiza hadi uwanja wa ndege, wapige naye picha, waonekane. Siku hiyo walikwenda wengi kupita kiasi. Viti vyao barazani vilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Diwani wa kata jirani aliisoma hoja ya wodi, kwa kuwa mwenyekiti haleti hoja yake mwenyewe. Wifi hakuahirisha. Aliuliza kama kuna wa kuchangia. Mnadhimu wa kambi ya Meya, bwana mmoja mwembamba mwenye tai pana, akageuka akawatazama wenzake, akaona kwamba kura ikipigwa wanashindwa. Akafunga kifungo cha koti, akawapungia mkono watoke. Ukumbi ukibaki na madiwani wachache mno, akidi inavunjika, kikao kinakufa, hoja inakufa nacho. Walianza kutoka mmoja mmoja, viti vikikwaruza sakafu. Wifi alikaa wima, na mimi peke yangu niliona vidole vyake vikikunja pindo la lile joho. Kama kuna siku nimetamani kumrukia mwanamume mwenye tai, ni ile.

Karani alisimama kuhesabu waliobaki. Kambi ya Meya nzima ilikuwa mlangoni, isipokuwa mzee mmoja aliyepachikwa jina la Godoro kwa sababu ya kusinzia vikaoni. Alikuwa kitini, macho amefumba. Mnadhimu alirudi akamtikisa bega, akamwambia aamke, wanatoka.

"Sijalala," Mzee Godoro akasema. "Nimekaa."

Mnadhimu akainama, akamnong'oneza jambo refu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwetu juu: "Mke wangu alipofariki, nyinyi mlikuja mkaondoka kabla hatujarudi kutoka makaburini. Huyu mama alibaki jikoni kwangu mpaka sufuria la mwisho. Kura nitaipiga ya hapana, mimi ni mtu wa Meya. Lakini akikalia kiti, mimi sitoki nimwache."

Karani alimhesabu. Akamgeukia wifi, akasema akidi imetimia, imetimia kwa mtu huyo mmoja.

Kura zikapigwa kwa mikono. Mzee Godoro alinyoosha wake upande wa hapana, juu kabisa, kila mtu aone. Hoja ikapita. Wifi alipotangaza, mimi nikapiga kigelegele ambacho askari wa mlangoni alikuja kukikataza, akafika, akasahau alichokuja kusema. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wazee, ila hawakusema kwamba rafiki mwenyewe anaweza kukupinga papo hapo.

Meya aliporudi alifoka wiki nzima. Kisha akagundua kwamba watu wameipenda habari, akaanza kusema "wodi yangu". Jiwe la msingi likachongwa jina lake, la wifi halikuwapo hata kwa herufi ndogo. Nilichemka. Wifi alinisikiliza, akaniambia jiwe halizalishi mtu.

Siku ya ufunguzi tulikaa kwenye viti vya plastiki vya ofisini kwake, ambavyo hatimaye vilipata kazi. Utepe mwekundu umekingama mlangoni, wakunga wako ndani na vitanda vimetandikwa. Meya yuko njiani na afisa wake wa itifaki aliyebeba mkasi kwenye sinia. Tukangoja. Simu ikaja: kizuizi cha reli kimeshuka, treni ya mizigo, wanasubiri. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, halafu yakawa machozi ya kweli.

Hapo ikaingia bajaji kwa kasi. Mama mmoja akashuka akimshikilia binti yake, na binti amejikunja ameshika ukuta. Mlinzi wa mlangoni, kijana mwenye adabu zake, akasema samahani mama, haturuhusiwi, utepe haujakatwa, Meya hayupo.

Wifi alinyanyuka.

"Meya hayupo," akasema. "Naibu yupo."

Akafungua mkoba, akatoa mkasi wa saluni, akakata. Binti akapita juu ya utepe bila kuuangalia.

Meya alipofika, afisa wa itifaki aliunga ncha za utepe kwa fundo ili bwana mkubwa aukate apigwe picha. Akaukata. Akaanza hotuba. Alikuwa amefika kwenye maono yake ya muda mrefu pale sauti ya mtoto iliposikika dirishani, kali, ya hasira, na watu wote wakasimama na kumwacha amesimama na karatasi yake. Mzee Godoro alikuwa anawaambia majirani zake kwamba wodi hii waliipitisha wao. Mtu akamkumbusha kwamba alipiga kura ya hapana.

"Nilikaa," akajibu.

Wifi alinishika mkono, tukaingia. Mkunga alikuwa amekwisha kumfuta mtoto, na yule mama wa kwenye bajaji, sasa bibi, bila kujua mimi ni nani, akaniwekea mjukuu wake mikononi ili apate kumshughulikia binti yake. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zote, uso umekunjamana. Wifi alinitazama. Sikumbembeleza mtoto wala sikumnyamazisha. Nilimwacha alie.