Sindano na Barua za Arusha

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, nilikuwa mpiga chapa katika steshenari ya mzee mmoja karibu na stendi ya Babati. Watu wa Singe na Mutuka walileta maombi yao ya viwanja, nami nikawaandikia barua. Mwaka ule wa kwanza kila mtu alikosea, maana mkono ulizoea kuandika "Mkoa wa Arusha". Tulicheka, tukachapa upya.

Nilikuwa na watoto wawili, na mzee alishaniambia hataki mtu wa likizo za uzazi kila mara. Kwa hiyo nikaanza kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, kila miezi mitatu, kusudi kazi isinitoke.

Baada ya sindano ya pili nikabadilika. Sikuumwa popote. Nilikuwa mzito tu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Mteja akinisomea sentensi, nusu yake ilinipotea kabla sijafika nukta. Wenzangu walishauzoea mkoa mpya, mimi bado naandika Arusha. Barua ya mama mmoja wa Nangara ilikwenda huko kweli. Iliporudi, kiwanja alikuwa ameshapewa mwingine.

"Shikamoo mzee," nilisema asubuhi iliyofuata.

"Marahaba. Binti, mwaka wa kusamehe Arusha umekwisha. Ikitokea tena, tutaagana."

Nikaenda zahanati.

"Dada, hii sindano inagusa akili?"

Muuguzi hakuinua macho. "Inazuia mimba, mama. Hayo mengine ni mawazo yako ya nyumbani."

Ilinikera. Dawa inauamuru mwili mzima usishike mimba, halafu mtu anaapa kwamba haipiti shingoni! Lakini ushahidi sikuwa nao, na sina hadi leo. Wapo majirani zangu waliochoma miaka na miaka, akili zao kama wembe. Vidonge vilikuwa vimenitapisha, na kondomu mume wangu hakutaka hata kuisikia.

Siku ya sindano ilipofika, sikwenda. Miezi ikapita, kichwa kikaanza kuwa chepesi. Nikachapa wiki nzima bila kosa, mzee akanisifu mbele ya wateja. Nilifurahi mno. Haukupita muda nikajua nina mimba.

Mzee alimwajiri mwingine. Aliniaga kwa upole, akanipa na kilo mbili za sukari.

Mwanangu nampenda. Kazi ile naililia mpaka leo.